Habari Tuliyoifuta

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na paa la ofisi limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimesogeza kompyuta, nimeweka ndoo. Mkuu, yaani mhariri mkuu wetu, amepita, ameitazama ndoo, akasema, "Aa, umeshajipanga." Huko ndiko kujipanga anakokujua yeye: mtu mwingine aweke ndoo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeibiwa, na aliyenionyesha mali ya wizi ni mama yangu mzazi.

Nilikuwa nakunywa chai kabla ya kutoka. Mama, anayeishi nami tangu magoti yaanze kumsumbua, alikuwa ameishika simu yake mbali kabisa na macho. "Hebu sikiliza mtu anavyoandika," akasema, akanisomea. "'Daraja halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini polepole, kama mjamzito anayetafuta kiti.'"

Chai ikanipalia. "Mama, hayo ni maneno yangu! Nimeyaandika jana!"

"Yako? Mbona jina lako halipo?"

"Sisi hatuandiki majina yetu. Panawekwa jina la shirika."

"Na hilo la shirika liko wapi?"

Nikampokonya simu. Halikuwepo. Kichwa cha habari kimebadilishwa, kimewekewa alama tatu za mshangao, basi. Kuanzia hapo mpaka nukta ya mwisho ni kazi yangu, na chini yake pameandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi wao! Ebo!

Nikamweleza Mama, kwa mara ya mia, kazi tunayofanya. Sisi ni shirika la habari. Hatuna gazeti, hatuna redio. Mwandishi wetu anakwenda, anaona, anauliza. Mimi dawatini napanga na kuandika. Habari inatumwa kwa magazeti na vituo vinavyotulipa, nao wanaitoa kwa jina letu. Hiyo tovuti hailipi. Inakopi na kubandika. Ina jina lake, lakini sitaliandika hapa, daftari hili ni jipya. Mwenyewe ofisini tunamwita Kunguru, maana anadokoa kwa kila mtu na mchana kweupe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini ya huyu inafunguka haraka."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Kunguru amebeba habari zetu zote za mwisho wa wiki.

Jumanne, 19 Machi

Leo amevuka mipaka mpaka tumecheka. Jana nilituma habari ya mafuriko ya mashamba, na juu yake niliwawekea wateja maelezo yetu ya ndani: "Kwa wahariri: msitoe aya ya nne mpaka tuthibitishe cheo cha msemaji. Picha inafuata." Kunguru ameibandika nzima nzima, pamoja na hayo maelezo, pamoja na aya ya nne. Wasomaji wake wameanza kuuliza picha iko wapi.

Miguu alicheka mpaka akashika ukuta. Miguu ni mwandishi wetu wa nje. Tunamwita hivyo kwa sababu shirika halina gari na yeye hana kinyongo. Mimi nilicheka pia, halafu nikamtazama viatu. Kimoja kimeachama mbele. Mtu ametembea kwenye tope siku nzima kutafuta habari ile, na mwenzake amekaa kwenye kiti akabonyeza vitufe viwili. Kicheko kikanikauka.

Nikaingia kwa Mkuu bila kupiga hodi.

"Tulia," akasema. "Nina mazungumzo naye. Anataka kuwa mteja."

"Mteja? Mtu anayekula bure jikoni, atalipia mezani kwa sababu gani?"

"Wewe una hasira za karibu."

"Na wewe huna hata za mbali."

Nikatoka kabla ulimi haujaniponza zaidi.

Alhamisi, 28 Machi

Wakili wa shirika amekuja, mwavuli wake ukachuruzika kuanzia mlangoni mpaka mezani. Mwanamke huyu haongei sana, lakini leo nilitamani kumkumbatia.

"Kwamba daraja limeanguka, hiyo haina mwenyewe," alisema. "Mtu yeyote ana haki ya kusema daraja limeanguka. Lakini hiyo ya mjamzito na kiti ni yenu. Akichukua maneno na mpangilio wake, amechukua mali ya watu, na hakimiliki ipo kwa ajili hiyo."

Nikamtolea habari zilizoibwa, nimezichapisha rundo zima. Akazisukuma pembeni. "Msiniletee moja moja, tutazeeka. Nitadai aondoe kila kilichomo kwenye hifadhi yenu ya habari mlizotuma, na asiguse tena. Hifadhi ndiyo itakayosema kipi chenu na kipi si chenu."

Ameandika barua papo hapo. Kali, fupi, haina maua. Inangoja sahihi ya Mkuu tu.

Jumanne, 2 Aprili

Barua bado iko mezani kwa Mkuu. Ameweka kikombe juu yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Redio moja imesitisha huduma yetu. Mkurugenzi wao hakuzunguka mbuyu: "Nilipie nini, wakati naikuta kwa Kunguru bure?" Mkuu amesema ni changamoto. Neno hilo likitoka tena mdomoni mwake nitamwagia ndoo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua haijakata tangu Jumapili. Leo alfajiri maji ya bwawa yametoka kwa mkupuo mmoja yakashuka mtaa wa bondeni. Nyumba zimekwenda. Watu wamekufa, na mmoja wao ni mtoto wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule.

Nilikuwa zamu ya asubuhi, peke yangu dawatini. Miguu akapiga simu, anapiga kelele kushinda mvua. Amempata ofisa wa bwawa. Ofisa anasema lango lilitakiwa kufunguliwa kidogo kidogo tangu jana yake, na halikufunguliwa kwa sababu mlinzi wa lango alikuwa amelala.

"Yuko mbele yako?"

"Yuko mbele yangu. Anasema alikuwa amelala."

"Jina la mlinzi unalo?"

"Ninalo."

Nikaandika. Sentensi nne: jina la mtu, umri wake, mtaa wake, na kwamba alikuwa amelala, kwa mujibu wa ofisa. Nikatuma. Tulikuwa wa kwanza, na sitadanganya, nilijisikia raha. Swali ambalo kila mwanafunzi anayekuja kwetu kujifunza kazi namfokea kwa kulisahau, "Mwenyewe anasemaje?", sikuliuliza.

Muda si mrefu Miguu akapiga tena. Sauti yake haikuwa ile. Ofisa mwenyewe hakuwepo bwawani usiku ule. Alisikia kwa mtu. Na sasa anasema hakusema.

Katika kazi yetu kuna agizo moja lisilo na mjadala: FUTA. Likitumwa, kila mteja anaiondoa habari hiyo pale alipo, na kwetu inatolewa hifadhini kana kwamba haikuwahi kuandikwa, asije mtu kesho akaichota tena kwa bahati mbaya. Nikalituma. Nikapiga simu chumba kimoja cha habari baada ya kingine. Wote wakatii. Mtangazaji mmoja aliomba radhi hewani kabla ya wimbo uliofuata kwisha.

"Kosa limetokea, limezimwa," alisema Mkuu. "Shirika linafanya hivyo." Kwa mara ya kwanza msimu huu nikakubaliana naye.

Jumatano, 10 Aprili

Mama, juu ya chai ile ile: "Huyo mlinzi aliyelala mpaka watoto wa watu wakafa, na yeye angetupwa humo humo kwenye maji."

"Umeyasoma wapi, Mama?"

Nilijua hata kabla hajanipa simu. Kunguru. Sentensi zangu zote nne, hakuna iliyopungua, na picha ya mtu anayekoroma waliyoitoa wanakojua wao. Amri ya kufuta hakuipata, maana inakwenda kwa wateja, na yeye si mteja. Mwizi hapelekewi masahihisho.

Halafu nikateremka mpaka chini ya ukurasa. Pameandikwa "Chanzo", na mbele yake jina la shirika letu, kamili, halina hata herufi iliyokosewa.

Msimu mzima mtu huyu ananifuta. Siku niliyojifuta mwenyewe, ndiyo siku aliyoniandika kwa herufi nene.

"Ni uongo," nikamwambia Mama. "Tumeshaukana."

"Ala! Nimeshawatumia wenzangu wote."

Ijumaa, 12 Aprili

Nimempigia Kunguru tangu juzi. Leo amepokea binti mmoja.

"Sisi tumenukuu tu, dada. Ongea na chanzo."

"Mimi ndiye chanzo!"

"Basi ongeeni huko huko." Akakata.

Jumanne, 16 Aprili

Amekuja mke wa mlinzi.

Aliingia ameshika viatu mkononi, miguu ina tope mpaka kwenye magoti, akasimama mlangoni asichafue. "Ni hapa wanapoandika?" Nikamwambia apite, tope si kitu, ofisi yenyewe inavuja. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akanitolea simu iliyopasuka kioo, akaweka kidole pale chini.

"Hapa pameandikwa nyinyi."

"Ni kweli, mama. Lakini ile tuliifuta siku ile ile."

"Mmeifuta wapi, mwanangu? Mbona naiona?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu wateja na wasio wateja, kuhusu hifadhi na amri ya kufuta. Nikauona ujinga wangu kabla sijausema, nikaufunga mdomo.

Akanisimulia yeye. Wanaishi mtaa huo huo wa bondeni. Maji yaliingia kwao pia, yakabeba godoro na meza. Lakini majirani wameshasoma. Wamewavunjia dirisha. Mlangoni wameandika kwa mkaa: LALA SALAMA. Yule mtoto aliyekufa ni wa nyumba ya pili, alikuwa akimwita mlinzi babu, na kila jioni akimpokea mfuko wake. Siku ya maziko mzee alikwenda. Wakamrudisha njiani.

"Sasa yuko kwa dada yake, halali, haongei. Kazi wamemsimamisha, hiyo sijaja kuiomba," alisema. "Mimi naomba arudi nyumbani. Tumeishi pale tangu nikiwa bibi harusi. Mtu akifukuzwa mtaani kwake uzeeni, aende wapi?"

Mkuu akatoka ofisini kwake, akampa pole nzuri kweli, akaagiza chai. Yule mama alipoondoka, Mkuu akanigeukia. "Usimwahidi kitu." Hata kikombe alichonywea yule mama kilikuwa hakijapoa.

Nilikwenda msalani nikalia kwa hasira.

Alhamisi, 18 Aprili

Miguu amempata mlinzi kule kwa dada yake, na safari hii ameuliza kila kitu, kwa kila mtu. Mota ya lango ilikufa tangu kiangazi. Mzee aliripoti, hakuna aliyekuja. Usiku ule aliwapigia wakubwa zake, simu zimezimwa. Akalizungusha gurudumu la lango kwa mikono, peke yake, mpaka ngozi ya viganja ikatoka, lango likafunguka kidogo tu. Mafundi wa zamu iliyofuata walimkuta ameling'ang'ania bado.

"Mimi nilimsikia ofisa tu," Miguu alisema, anaangalia viatu vyake. "Sikumtafuta mzee."

"Wewe ulisikia. Aliyeandika ni mimi."

Tumetuma habari ya kweli. Wateja wameitoa ndani ndani, karibu na matangazo ya vifo na viwanja. Ofisa wa bwawa hapokei simu. Na ile ya Kunguru bado iko juu kabisa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Kunguru mwenyewe.

Nilitegemea nini sijui. Jumba, labda, na mbwa. Ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro, dirisha limezibwa kwa gunia mvua isiingie, vijana watatu wamevaa vipokea sauti masikioni na hawanyanyui macho. Mwenyewe amevaa sweta lililochakaa viwiko. Alisimama kunipisha kiti, na nilipojitambulisha ninakotoka, uso ukamchanua.

"Wewe ndiye wa sentensi fupi!"

"Nini?"

"Zenu zile zinazoandikwa na mtu mwenye hasira. Nazijua hata bila kuambiwa. Ya daraja, ya mashamba, ya wale wauguzi. Hizo huwa naziweka juu. Nilikuwa najiuliza, ni mwanamume huyu au mwanamke?"

Miaka yote niliyokaa kwenye lile dawati, hakuna mtu aliyewahi kuutambua mkono wangu. Mkuu hautambui. Mama hautambui. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, kisha nikataka kumzaba kofi kwa kunifurahisha.

"Kama unanijua hivyo, mbona huwa unalitoa jina la shirika? Na hii ya mlinzi mbona umeliacha?"

Hakupepesa. "Dada, habari inayomtaja mtu kwa ubaya ina moto. Lazima iwe na mwenyewe."

"Na zile nyingine?"

"Zile haziunguzi."

Nikamwambia aiondoe. Nikamweleza habari ya mke, ya mlango, ya maziko. Alisikiliza vizuri tu, akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli nadhani, kisha akasema hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote tangu mvua ianze. Akiiondoa, vijana wake watakula nini? Lakini alikuwa na wazo.

"Iandike ya kweli. Si ile kavu mliyotuma Alhamisi. Iandike kwa mkono wako ule. Itume tu kwa wateja wenu, mimi nitaichukua kama kawaida, naiweka juu, hii inashuka."

Kama kawaida! Alisema bila haya, kama jirani anayekuahidi kukurudishia kijiko. Na mimi, niliyepiga kelele tangu Machi, nilishuka zile ngazi tayari natunga sentensi ya kwanza.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeandika. Nimeanza na viganja vya mzee. Sijawahi kuandika vizuri hivi, na sitajidai mnyenyekevu kwenye daftari langu mwenyewe. Imetumwa saa ya chai.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeshinda nikingoja kuibiwa. Nimeufungua ukurasa wake sijui mara ngapi. Hakuna kitu. Chukua basi, mwizi wewe! Unangoja nikubembeleze?

Alhamisi, 25 Aprili

Asubuhi nikaona ukurasa wake umekuwa mweupe. Daraja halipo. Mashamba hayapo. Wauguzi hawapo. Kila habari yetu imetoka, kasoro moja. Mlinzi bado amelala, na chini yake jina letu.

Nikampigia. Safari hii alipokea mwenyewe, na alikuwa amenuna.

"Barua ya wakili wenu nimeipata Jumanne, pamoja na flashi yenye hifadhi yenu nzima. Kila kilichomo nimekiondoa, na vijana nimewakataza wasiguse kitu chenu tena, hata nukta. Si ndivyo mlivyotaka?"

"Na ya mlinzi?"

"Hiyo haimo. Tumeitafuta. Kwa karatasi zenu wenyewe, hiyo si yenu."

Nilikaa. Nilijua nani aliyeitoa. Niliitoa mimi, kwa vidole hivi, tarehe tisa, kwa kufuata utaratibu.

Mkuu alitokea mlangoni anatabasamu. Kumbe mazungumzo yake ya uteja yalivunjika Jumatatu, Kunguru aligoma bei, ndipo Mkuu akaondoa kikombe juu ya barua akasaini. Hakuniambia. "Umefurahi sasa?" akaniuliza. "Si ulikuwa unataka tumkomoe?"

Nikamgeuzia skrini aione ya mlinzi.

Jumatatu, 29 Aprili

Wakili ameitwa. Amelieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Shirika haliwezi kudai kitu ambacho kwenye kumbukumbu zake hakipo. Ili Kunguru alazimike kuiondoa, lazima tuirudishe hifadhini na kusema: hii ni yetu, tuliiandika sisi.

"Haiwezekani," alisema Mkuu. "Tukisema ni yetu, tumekiri. Yule mzee atatufikisha mahakamani."

"Atufikishe!"

"Ilishafutwa. Kwa shirika, haipo."

"Kule mtaani kwake ipo! Mlangoni kwake ipo, kwa mkaa! Msimu mzima nalia kwamba wanachukua chetu bila jina, ukaniambia nitulie. Leo kipo chetu chenye jina, unakikana. Wewe kazi yako nini hasa, zaidi ya kuweka vikombe juu ya karatasi?"

Mvua ilikuwa inagonga ndoo, to, to, to. Mkuu mishipa ya shingo ilimsimama. Alisema nikisaini karatasi yoyote kuhusu habari ile, nisirudi.

Wakili alinikuta kwenye ngazi, anafungua mwavuli. Aliongea akiutazama mwavuli, si mimi. "Mali ni ya shirika. Lakini kusema 'hii niliandika mimi' ni haki ya mwandishi, hata mwajiri hana uwezo wa kuichukua. Na akishasema, anaweza kukataa kazi yake isitumike kwa namna inayomvunjia heshima."

"Heshima ya mlinzi?"

"Yako. Sheria hii haimjui mlinzi."

Yaani mtu amechafuliwa jina, kafukuzwa kwake, na mlango pekee uliobaki wazi ni wa heshima yangu mimi niliyemchafua. Niliwalaani watunga sheria mpaka nikafika nyumbani.

Ijumaa, 3 Mei

Nimesaini. Jina langu kamili, na la baba, na la babu. Mimi ndiye mwandishi wa habari ifuatayo, ni ya uongo, niliituma bila kumuuliza mhusika, nakataa iendelee kutumika. Chini yake sentensi zangu nne. Nimempelekea Kunguru mwenyewe mkononi, na nakala nimeiacha mezani kwa Mkuu. Nilikiondoa kikombe kwanza.

Jumanne, 7 Mei

Ya mlinzi imeondolewa. Imekwenda. Kunguru alinipigia kunijulisha.

"Kumbe na ile ilikuwa yako?" alisema. "Nisingejua. Haikuwa na mkono wako."

"Ulikuwa wangu," nikamwambia, nikakata.

Barua ya Mkuu imekuja mchana: nimesimamishwa. Miguu amenibebea vitu vyangu hadi nyumbani. Ndoo nimewaachia.

Mama ameshinda na simu sikioni, anawapigia wenzake mmoja mmoja. "Ile niliyokutumia ya mlinzi ni uongo. Ndiyo. Nani? Aliandika mwanangu." Anasema hivyo kwa kila mmoja, tena kwa sauti kubwa, na mimi nipo chumba cha pili. Sijamkataza.

Jumamosi, 11 Mei

Leo hakukunyesha.

Nimekwenda kwa dada yake mlinzi na nakala ya karatasi. Mzee alikuwa uani, viganja vimefungwa kitambaa. Mkewe akamsomea. Aliposikia jina, akainua uso.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mtaani kwetu hawasomi karatasi. Njoo uwaambie."

Tukateremka watatu. Tope limeanza kukauka, watu walikuwa nje wanaanika walichookoa. Mazungumzo yakawa yanakatika kila tulipopita. Kijana mmoja alitema mate chini. Tulipofika nyumba ya pili kutoka kwake, mama wa yule mtoto alikuwa amekaa kizingitini, mikono mitupu mapajani. Mzee akasimama. Hakuweza kusogea tena.

Basi nikasema mimi. Nikasema hakulala. Nikasema mota, simu, gurudumu, viganja. Nikasema neno la kulala liliandikwa na mimi, sikumuuliza yeye wala mtu yeyote aliyekuwepo, nilitaka kuwa wa kwanza.

Majirani walikuwa wamesogea, wamesimama nyuma yangu.

"Rudia," akasema yule mama. "Wote wasikie. Na jina lako ulitaje."

Nikarudia yote, nikataja jina langu. Akamgeukia mzee, akaiangalia mikono yake ile, akaiangalia tena. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka na koleo, akampa.

Mzee alishindwa kulishika vizuri. Mkewe akalipokea, wakaenda mpaka mlangoni kwao, wakaanza kutoa tope. Yule kijana aliyetema mate akachukua ndoo ya maji na tambara, akaanza kusugua mkaa.

Mimi hakuna aliyeniaga, wala sikustahili kuagwa. Nilirudi kwa miguu.